Mtoto Hana Mkwe

Ukitaka kunikasirisha hata leo, niambie kwamba ugonjwa ulikuja kunifundisha kitu. Mimi ni mwalimu. Nimewafundisha watoto wa darasa la kwanza hapa Garissa tangu marehemu mume wangu alipohamishiwa huku na serikali, na kufundisha nakujua. Kufundisha ni chaki, ni kurudia, ni kumpangusa mtu kamasi halafu kurudia tena. Sijapata kuona mwalimu anayemvunja mwanafunzi mgongo ili aelewe somo.

Naandika kwa sababu sasa natembea, japo nimeinama kidogo upande mmoja, na kwa sababu wauguzi wana tabia ya kunitumia wagonjwa. "Nenda mtaa wa Iftin, ulizia nyumba ya mwalimu, yeye alipitia haya haya." Basi wanakuja, na watu wao, wananiuliza kama vidonge vinachoma tumbo. Vinachoma. Wananiuliza kama ni kawaida mkojo kuwa mwekundu. Ni kawaida, usipige kelele. Lakini swali lenyewe hawaliulizi, nalisoma tu machoni: mtu mzima anawezaje kuvumilia kufanywa mtoto? Hilo ndilo nitakalolijibu hapa, na mwenye kutafuta maneno matamu atafute kwingine.

Mgongo ulianza kuniuma wakati wa jilaal, kiangazi kile cha Wasomali ambacho hata mbuzi wanatembea wakitafuta kivuli. Kila mtu alikuwa na tiba yake. Mkuu wa shule alisema ni umri. Jirani yangu Habiba, mama wa Kisomali aliyezaliwa Griftu na kuja Garissa na biashara ya maziwa ya ngamia, alisema ni kukaa kwenye viti, kwamba binadamu aliumbwa akae chini. Mimi nilisema ni godoro. Nikanunua godoro jipya. Mgongo ukaniuma juu ya godoro jipya.

Benchi ya hospitali niliijua kuliko benchi ya kanisa. Unafika alfajiri, unakuta wachungaji mifugo waliotoka mbali wamekwisha kutandika mikeka yao ukumbini na birika za chai, na wewe na mkoba wako unasimama kama mgeni wa arusi asiyealikwa. Nilikaa karibu na kijana aliyemleta mama yake kutoka Kutulo, safari ya lori, na yule mama hakulalamika hata mara moja, jambo lililonitia hasira zaidi. Dirishani wakasema filamu za eksirei zimekwisha, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo filamu zilikuwapo, fundi hakuwapo. Wakati huo wote nguo zangu zilikuwa zinanipwaya mwilini. Shingo ikawa na mashimo. Kukatokea kitu kama kifundo katikati ya mgongo, na nikivaa blauzi kinajichora, nikawa najitanda leso katika joto la Garissa ili kukificha. Kisha miguu ikaanza kufa ganzi kuanzia vidoleni. Asubuhi moja niliamka, miguu haikuamka.

Ni TB, wakasema, lakini ya mifupa. Sindano kila siku, kwanza, mpaka daktari aseme basi. Halafu vidonge, miezi na miezi. Daktari aliniangalia usoni. "Usikose sindano, mwalimu. Ukikosa, miguu hii hairudi. Na ukizidi kukosa, si miguu tu." Ndivyo alivyosema, na ndivyo mambo yalivyokuwa. Basi kila siku ilikuwa lazima nifike hospitali, mtu mzima asiyeweza kusimama.

Wenzangu wa kanisa walikuja kuniona. Sikatai, walikuja. Walikaa mbali kidogo, leso zao puani, ingawa muuguzi alikwisha kuwaeleza kwamba TB ya mfupa haiambukizi kwa kukaa na mtu. Wakaimba. Wakasali. Kisha kiongozi wa akina mama akanishika mkono kwa ncha za vidole akasema, "Mwalimu, Bwana alisema tuwe kama watoto wadogo. Sasa anakufanya mtoto. Nyenyekea, dada. Tulia tu."

Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha Shule ya Jumapili katika kanisa lile. Somo hilo la Yesu kumsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi wake nimelifundisha kila mwaka, kwa picha ya rangi, mtoto amevaa kanzu nyeupe, mikono imefumbatwa. Sijui picha ile ilichorwa na nani, lakini huyo hakuwahi kulea. Mtoto hatulii! Mtoto akiwa na njaa anawaamsha majirani. Akichoka njiani anakaa chini katikati ya barabara na hasongi mpaka abebwe, na akishabebwa hasemi asante, anakuvuta masikio. Nilitaka kumwambia yule mama hayo yote. Badala yake nikasema "Amina," wakanywa chai yangu, wakaenda. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa niwaeleze kuhusu mkwe wangu, maana bila hilo hamtaelewa kitu.

Sisi ni Wabukusu, watu wa Bungoma. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani hivi hivi. Hawapeani mkono, hawali pamoja, mkwe haingii chumba alimolala mama mkwe, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Si uadui, ni heshima, na mimi niliishika kwelikweli. Kuna namna ya kuilegeza, na anayeanza kuilegeza ni mkubwa; mkwe hathubutu. Binti yangu wa pekee, Nasimiyu, aliolewa na Wafula, kijana wa kwetu huko huko, makanika, naye akapata kazi katika gereji hapa Garissa. Kwetu Bungoma kuna mahindi na migomba ya kujificha. Garissa ni uwanja. Unamwona mkwe wako akija kutoka mbali kabisa, na hakuna hata kichaka. Mara ngapi nimesimama nyuma ya punda wa watu, najifanya naangalia kwato, mpaka Wafula apite! Wasomali walidhani nataka kununua.

Tangu niugue, Nasimiyu alihamia kwangu kunihudumia. Alikuwa mjamzito, tumbo limekwisha kuwa kubwa, hana ruhusa ya kuinua hata mtungi. Yeye na Habiba walinisogeza kwa kunivuta juu ya shuka, kisha mkokoteni wa punda wa mtu wa maji ukanipeleka hospitali, nimelazwa kati ya mapipa. Wafula alikuwa akija jioni, anaacha madumu ya maji nje ya ua, anakohoa ili tujue amefika, anaondoka. Kikohozi chake nilikijua. Uso wake, baada ya miaka yote ya ndoa ile, nisingeweza kuueleza kwa polisi.

Halafu ikaja mvua.

Wanaokumbuka El Nino watajua nasema nini. Nchi ile ya vumbi, ambayo tulikuwa tukiomba mvua mpaka tukachoka, ilipewa maji yote kwa mkupuo. Mto Tana ulivunja kingo zake. Barabara ya Nairobi ikakatika. Vyoo vikazama, mbuzi wakafa, mbu wakatula. Mtu wa maji alikuja asubuhi moja, akamtazama punda wake aliyezama kwenye tope mpaka tumboni, akanitazama mimi mlangoni, akasema, "Mama, habana wezekana." Sindano ya siku ile nikaikosa. Ya siku iliyofuata nikaikosa pia.

Nasimiyu akasimama mbele ya kitanda changu, mikono kiunoni.

"Mama, Wafula atakubeba."

"Nani?"

"Wafula. Ana mgongo, ana miguu. Yuko hapo nje anachimba mtaro maji yasiingie ndani. Sema neno moja tu."

"Nasimiyu, wewe umelelewa na nani?"

"Nimelelewa na wewe, na sitaki kukuzika kwa sababu ya mila!"

"Basi nizike. Utanizika nikiwa na uso wangu."

Alilia, akatoka, akamwita Habiba. Habiba akaingia amepandisha nguo mpaka magotini, anatiririka maji, hasira zake zikimtangulia. Tulikuwa marafiki wa kugombana. Alinipa maziwa, nikawasomesha wajukuu zake, na kila mmoja alimwona mwenzake ana kichwa kigumu.

"Abaayo," akasema, yaani dada, "wewe iko na akili kweli? Huyu kijana ameoa mtoto yako. Kwa sisi, sheria ya Mungu, huyu ni mahram yako. Ni kama mtoto ya tumbo yako. Hata akiacha msichana, wewe nabaki mama yake mbaka kufa. Aibu iko wabi?"

"Yenu ni yenu, Habiba. Yetu ni yetu."

"Hii yenu ni dini?"

"Si dini. Ni mila."

"Na dini yenu nasema nini?"

Hakungoja jibu. Habiba huuliza kama anayetupa jiwe, halafu anageuka. "Basi kufa, Mwalimu. Lakini mimi naambia wewe, kaburi kwa hii mfua nafanya kazi ngumu sana." Akaenda kuwasha jiko langu, akapika uji, akaniletea, akaketi kunitazama niumalize.

Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilikuwa na hasira na Mungu, na niseme wazi, kwa sababu nimeona wagonjwa wengi wanaoficha hiyo. Nilimwambia: nimekutumikia, nimewafundisha watoto wako nyimbo zako, na wewe huoni mtu mwingine wa kunibeba katika mji huu mzima ila huyu mmoja? Wanaume wa kanisa kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya kuokoa. Hilo nililielewa. Lakini miguu yangu ilikuwa imezidi kufa, ganzi ilikuwa imepanda kupita magoti, na nilijua maana yake.

Siku ya tatu, mchana, Nasimiyu alikwenda kwa Habiba kutafuta makaa makavu. Nikashikwa na haja. Beseni lilikuwa pale sakafuni, si mbali, na nikajiambia kwamba mtu aliyeongoza shule siku mkuu akiwa hayupo hawezi kushindwa na beseni. Nikajivuta. Nikaanguka kifudifudi, nusu kitandani nusu chini, na haja ikaja yenyewe. Maji ya mvua yalikuwa yamekwisha kupenya chini ya mlango. Nililala humo, na katika maisha yangu sijawahi kuchoshwa na jambo kama nilivyochoshwa wakati ule na heshima yangu mwenyewe.

Nikapiga kelele. Sikuita jina la mtu. Niliita "Mama!" kama mtoto, mimi mwenye nywele nyeupe, na mama yangu amekufa zamani.

Jembe likanyamaza huko nje. Nikasikia miguu kwenye tope, kisha ikasimama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Niliona miguu ile mpaka kwenye magoti, na suruali imekunjwa, na mtu mwenyewe ameupa mlango mgongo, anatazama mvua.

"Mama," akasema, "nimwite Nasimiyu?"

Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hataingia. Ningeweza kufia pale naye amesimama mlangoni akinililia, kwa kuniheshimu. Kubebwa si jambo la kungojea mtu akufanyie. Hawa waliokuja kuniambia nitulie walikosea kabisa. Mtoto wa kwenye somo langu hakusimama katikati ya watu wazima akiwa ametulia. Mtoto ni mtu anayeweza kusema nibebe, kwa yeyote aliye karibu, bila kuuliza huyu ni wa upande gani. Mtoto hana mkwe.

"Wafula," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia moja kwa moja. "Ingia. Niinue. Na usiangalie pembeni, utanikanyaga."

Akaingia. Aliniinua, akanikalisha, akanifunika shuka, akachukua kitambaa akapangusa sakafu, machozi yakimdondoka kwenye maji yale yale. Mficha uchi hazai, Waswahili wanasema. Mimi nilikuwa nimezaa, na bado nilificha.

Nasimiyu na Habiba walirudi, wakanisafisha na kunibadilisha nguo, naye akingoja nje. Kisha Habiba, ambaye hajui kufanya jambo nusu, akaleta leso mbili. "Miguu yake habana shika," akamwambia Wafula. "Chuchumaa." Akanilaza mgongoni kwa Wafula, akanifunga. Alinifunga kama mtoto mchanga anavyofungwa, akakaza fundo, akalipiga kofi. Nilitaka kumng'ata.

Tukatoka. Maji yalimfika Wafula mapajani. Nani hakutoka kuangalia? Watoto wa darasa langu walipanda juu ya ukuta, shule zimefungwa na hawana kazi. "Mwalimu amebebwa! Mwalimu amebebwa mgongo!" Nilinyanyua kidole niwakemee, nikakumbuka nimefungwa leso.

"Usinitingishe," nikamwambia Wafula.

"Ndiyo, mama."

"Kushoto kuna shimo la takataka."

"Ndiyo, mama."

"Usiseme ndiyo mama, pita kulia!"

Akacheka. Nilihisi kicheko chake kifuani kwangu kabla sijakisikia. Tulipofika karibu na soko alisimama kupumzika, akaegemea nguzo, akasema bila kugeuza kichwa, "Mama yangu mimi sikuwahi kumbeba. Alikufa nikiwa shule ya bweni. Nilidhani wewe hukunitaka."

"Nani alikuambia sikukutaka?"

"Ulikuwa unajificha nyuma ya punda."

"Ile ni heshima!"

"Najua, mama. Lakini ukiwa peke yako njiani, inafanana."

Niliweka shavu langu kwenye bega lake kwa sababu shingo ilikuwa imechoka. Muuguzi alipotuona alianza kufoka kuhusu sindano nilizokosa, akaona lile fundo la Habiba, akatafuta sindano.

Alinibeba mvua yote ile. Kwenda na kurudi, kila siku, asubuhi kabla ya gereji. Nasimiyu akajifungua mtoto wa kike, nyumba ikawa na watoto wawili, mmoja akipiga kelele kuliko mwingine, na sisemi ni yupi. Sindano zikaisha, vikaja vidonge, na vidonge hivyo wakati ule vilikuwa vya kumezwa mbele ya muuguzi, nikifungua kinywa aone ulimi. Fungua, mwalimu. Inua ulimi. Nilifungua. Nilinung'unika, lakini nilifungua. Ganzi ikaanza kushuka pole pole, kutoka magotini kwenda chini, kama ilivyopanda.

Ninyi mnaokuja kwangu kuuliza, jibu ndilo hilo. Sema nibebe. Sema kwa sauti, mapema, kabla hujaanguka kando ya beseni. Aibu inachoma kama vidonge, na kama vidonge, inapungua ukiimeza kila siku. Na ninyi mnaokwenda kuwaona wagonjwa, msiwaambie wawe kama watoto. Mtoto bila mgongo wa kubebwa ni yatima tu.

Maji yalipokauka, akina mama wa kanisa waliniletea kiti cha magurudumu. Kilikuwa kizuri, cheusi, kimetoka Nairobi barabara ilipofunguka. Nilikuwa nimekiomba kiti hicho kwa Mungu tangu miguu ilipokufa. Siku ya kwanza nilikwenda hospitali nimekaa wima, mkoba mapajani, mama mmoja akisukuma na mwingine akinieleza jinsi Bwana anavyojibu. Hakuna mtoto aliyepanda ukuta. Wafula alitufuata kwa mbali, nyuma sana, akitazama chini, na tulipofika hospitali hakuingia. Jioni aliacha madumu nje ya ua. Akakohoa.

Sikulala vizuri. Asubuhi Nasimiyu alikipangusa kiti, akakileta mpaka kando ya kitanda.

"Mama, kiti kiko tayari. Akina mama wako njiani."

"Waambie asante, wapumzike leo," nikasema. "Mwite mume wako. Na uniletee zile leso."